Ulikuwa Ukilipwa Kiasi Gani? Maswali Mawili ya Mshahara na Ulimi wa Muislamu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, katika fomu nyingi za maombi ya kazi kuna nafasi mbili ndogo zinazomtesa mhitimu kuliko barua nzima ya kueleza sifa zake. Ya kwanza inauliza: unatarajia mshahara kiasi gani? Ya pili inauliza: katika kazi yako ya mwisho ulikuwa ukilipwa kiasi gani? Wengi wetu huzijaza zote kwa pumzi moja, kana kwamba ni swali moja lililorudiwa. Makala haya yanadai kwamba ni maswali mawili tofauti. La kwanza linakuomba utaje bei. La pili linakutaka utoe khabari. Bei ina hukumu yake na khabari ina hukumu yake, na anayezichanganya huingia katika moja ya makosa mawili: ama husema uongo akidhani anapatana bei, ama hukubali kupunjwa akidhani huo ndio ukweli na ucha Mungu.

Nitalieleza jambo hili kwa kuutazama mwambao wa Kisimayu na visiwa vya Wabajuni, kwa sababu huko fomu hii inauma zaidi kuliko mahali pengi, na hukumu inayomfaa mnyonge wa huko itatufaa sote.

Kijana wa visiwani na fomu ya mjini

Wabajuni ni watu wa bahari. Kuanzia Kisimayu kwenda kusini, kupitia Koyama, Ngumi, Chovai na Chula hadi Ras Kiamboni, na ukivuka mpaka wa Kenya hadi Kiunga, Faza na Kizingitini, lugha ya wenyeji ni Kibajuni, moja ya lahaja za kaskazini za Kiswahili, na kazi ya mababu ni uvuvi na vyombo. Serikali ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, wengi walipakia watoto katika vyombo wakakimbilia Lamu na Mombasa. Kambi za Mombasa zilipofungwa katika miaka ya 1990, wako waliorudi visiwani na wako waliobaki Kenya wakalea watoto huko. Mji wa Kisimayu wenyewe ulishikwa na huyu na yule, mpaka al-Shabaab walipoondolewa mwishoni mwa Septemba 2012, na mwaka uliofuata utawala wa Jubaland ukaundwa. Leo kijana aliyesoma anayetaka mshahara wa kila mwezi katika mji ule huangalia milango michache: serikali, biashara, na mashirika ya misaada.

Sasa tuchukue mfano. Huyu si mtu fulani, na tarakimu nitakazotaja ni za kuelezea tu. Ni mhitimu wa asili ya visiwani aliyekulia Mombasa. Amesomesha madrasa na kujitolea katika miradi ya vijana, na kwa yote hayo alikuwa akipata posho ya dola 120 kwa mwezi. Anaomba kazi ya afisa mradi Kisimayu, mji ambao mishahara ya namna hii huhesabiwa kwa dola za Kimarekani. Ndani ya ofisi, ngazi ya kazi ile imeshapangwa: kati ya dola 800 na 1,200. Mwajiri anaijua. Mwombaji wa pili naye anaijua, kwa sababu binamu yake anafanya kazi humo. Kijana wetu haijui. Ngazi ile haikuwa siri kwa kila mtu. Ilikuwa siri kwa asiye na mtu wake ndani.

Tukumbuke kuwa Wabajuni ni wachache katika nchi ile. Mkutano wa Arta, Djibouti, wa mwaka 2000 ulipogawa viti kwa kanuni inayojulikana kama 4.5, kabila kubwa nne zilipewa fungu zima kila moja, na makundi madogo yote, Wabajuni wakiwemo, yakawekwa pamoja katika ile nusu. Asiye na fungu katika siasa aghalabu hana binamu katika ofisi.

Basi kijana wetu anaandika: mshahara wa mwisho, 120, matarajio, 250. Anaajiriwa kwa 300, na anarudi nyumbani akishukuru kwamba ameongezewa hamsini bila kuomba. Baada ya miezi mitatu anajua kuwa mwenzake wa meza ya pili, mwenye cheo kile kile na shahada ile ile, analipwa 1,000. Akienda kulalamika ataambiwa: ulisema mwenyewe, ukatia sahihi mwenyewe, nani amekudhulumu?

Hilo ndilo swali letu. Je, ridhaa yake yatosha?

Ridhaa ya asiyejua

Qur'an imehalalisha biashara ya kuridhiana (4:29), na mwajiri atashika hapo. Lakini Sunna imetufundisha kwamba ridhaa huangaliwa pia ilipatikana vipi. Mtume (S.A.W.) alikataza watu wa mjini kutoka kwenda kuupokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazama yule mwenye bidhaa: hakulazimishwa, hakuibiwa, alitaja bei kwa ulimi wake na akapokea fedha mkononi. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ni kuijua bei ya soko, ilhali mnunuzi anaijua. Katika mapokezi ya Muslim, muuzaji yule akishafika sokoni amepewa hiari ya kuuvunja au kuuacha uuzaji wake. Na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, muuzaji akigundua kuwa amepunjwa hana budi kupewa hiari hiyo.

Mtu wa bahari ataifahamu hukumu hii bila kufunguliwa kitabu. Ni kama mnunuzi aondoke ufukweni kwa boti la injini, awakute wavuvi wa kamba wakali bado nje ya miamba, na awaulize: mnataka ngapi kwa kilo? Anajua Mombasa leo kilo ni bei gani. Wao wanajua tu kwamba mafuta yamekwisha na watoto wanangoja. Swali lake linasikika kama heshima, kumpa mvuvi nafasi ya kusema. Kwa hakika ni njia ya kumfanya mvuvi ajipunje mwenyewe.

Sisemi kwamba kila anayeuliza "unataka ngapi?" amefanya haramu. Sokoni watu huulizana hivyo kila siku, na hapana ubaya, kwa sababu wote wawili wamesimama ndani ya soko na kila mmoja anaweza kupita duka la jirani akauliza. Tofauti ya ofisi ni kwamba soko lenyewe limefungiwa ndani ya droo ya mmoja wao. Mwenye droo akimuuliza asiye na ufunguo, kisha akalichukua jibu lake kuwa ndiyo haki yake, ameufanya ujinga wa ndugu yake kuwa mtaji.

Kuna jambo jengine. Imepokewa kutoka kwa Abu Sa'id al-Khudri (R.A.) maelekezo kwamba mwenye kuajiri mtu amjulishe ujira wake. Wanachuoni wamezungumza juu ya isnadi ya kuinasibisha kauli hiyo na Mtume (S.A.W.), lakini maana yake mafakihi wameifanyia kazi: ijara haisihi mpaka ujira ujulikane. Angalia mwelekeo wa maelekezo yale. Anayejulisha ni mwajiri. Fomu zetu zimeugeuza mwelekeo huo, zikamtaka mfanyakazi ndiye amjulishe mwajiri.

Wazee wetu wa vyombo hawakuugeuza. Katika pwani hii mapato ya uvuvi hugawanywa mafungu: kuna fungu la chombo, fungu la zana, na mafungu ya mabaharia, na nahodha huwa na lake. Vipimo hutofautiana kijiji kwa kijiji, lakini baharia hajui kama bahari itatoa au haitatoa, na bado anajua kabla tanga halijapandishwa kwamba ikitoa, chake ni fungu gani. Hakuna anayemuuliza baharia mgeni ufukweni, "Ulikokuwa ulikuwa ukipewa nini?", ili ampunguzie fungu.

Mkimbizi aliyeajiriwa Madyan

Mfano mkubwa kuliko wote uko katika Suratul Qasas. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi. Hana mali, hana jamaa, na nyuma yake kuna dola inayomtafuta. Aliwanyweshea mifugo mabinti wawili bila kuomba ujira, kisha akaketi kivulini akamwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa (28:24). Ndipo akaitwa na mzee wao, akamsimulia kisa chake chote (28:25).

Hapa tusimame. Mzee yule sasa anajua kila kitu. Anajua kwamba mtu aliye mbele yake ana njaa, hawezi kurudi kwao, na angekubali chochote. Lau angemuuliza, "Unatarajia nini?", Musa huenda angesema: chakula na mahali pa kulala. Na lau angempa hivyo tu, ridhaa ingekuwepo.

Lakini aya ya 27 inatuonyesha kwamba mzee ndiye aliyetangulia kutaja masharti. Aliyataja wazi: muda ni miaka minane, malipo ni ndoa ya binti yake, na miwili ya kutimiza kumi ni hiari ya Musa. Akaongeza kwamba hataki kumtia uzito. Na katika aya ya 28 Musa akayathibitisha yale makubaliano, akaweka wazi kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya ile miwili, asije akadaiwa zaidi, na akamweka Allah kuwa shahidi juu ya waliyoyasema.

Unyonge wa mkimbizi ulijulikana, na haukuingizwa katika hesabu ya ujira. Hilo ndilo somo la mwajiri. Somo la mwajiriwa nalo limo humo humo: Musa, pamoja na unyonge wake wote na ahadi yake kwa Mola wake, hakuona haya kutamka mipaka ya mkataba kwa ulimi wake.

Swali la kwanza: bei

Tukirudi kwenye fomu, swali la "unatarajia kiasi gani" ni mwaliko wa kutaja bei. Bei si ushahidi. Ukisema "nataka 1,000", hujadai kwamba umewahi kulipwa 1,000, wala kwamba utakataa 900. Umetoa pendekezo, na mwenzako ana haki ya kulikataa. Kupatana kwa namna hii si uchoyo wala utovu wa adabu. Jabir bin Abdillah (R.A.) alikuwa na ngamia aliyechoka, Mtume (S.A.W.) akamtaka amuuzie, na Jabir mara ya kwanza akasema hapana. Alimkatalia bei mbora wa viumbe, na hakulaumiwa. Mwishowe aliuza, na walipofika Madina Mtume alimlipa thamani na akamrudishia na ngamia wake. Kama Jabir aliweza kusema hapana pale, wewe unaweza kusema mbele ya afisa wa ajira, "Samahani, kazi hii nadhani inastahiki zaidi ya hapo."

Wako ndugu zetu wema wanaoandika "chochote mtakachojaalia" wakidhani ndiyo kinaa. Kinaa ni moyo kuridhika na riziki aliyoigawa Allah, na mahali pake ni baada ya kufanya sababu. Kuacha nafasi ya ujira wazi katika mkataba ni jambo jengine. Hiyo mafakihi wanaiita jahala, na ndiyo inayoharibu ijara. Abdullah bin as-Sa'di alikuwa akifanya kazi za umma na kukataa malipo, akisema kuwa yeye ana mali na anataka ujira wake uwe sadaka kwa Waislamu. Umar bin al-Khattab (R.A.) alimkataza, akamsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyotaka kufanya hivyo na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza apokee kwanza, kisha akitaka atoe sadaka. Kisa hicho kimo katika Bukhari na Muslim. Ukitaka kujitolea, jitolee ukijua unachokitoa.

Wengine watauliza: lakini hizi ni fedha za misaada, za mayatima na wenye njaa, je, si aibu kutaja bei kubwa? Swali hili ni zuri, na Qur'an imelijibu kwa mfano. Katika aya ya mgao wa zaka (9:60), miongoni mwa mafungu manane kuna la wanaoifanyia kazi. Mafakihi wa Kishafi'i wakasema kipimo cha malipo yao ni ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa mtu kama yeye kwa kazi kama ile. Likizidi fungu lao, ziada hurudishwa kwa wengine. Kipimo hiki kinakata pande mbili. Kinamzuia mfanyakazi kuchota mali ya maskini kwa sababu tu wafadhili ni matajiri. Na kinamzuia msimamizi kumlipa mtu nusu kwa sababu tu ametoka kisiwani na hakujua. Thamani ya kazi ya afisa mradi ni ile ile, mwenye kuifanya akiwa amekulia Chula au amekulia Nairobi.

Basi wajibu wako katika swali hili ni kulijua soko. Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina akiwa mhajiri mikono mitupu, na ndugu yake wa Kiansari akamtolea nusu ya mali yake, alimwombea baraka na akataka aonyeshwe soko. Ngazi za mishahara za Umoja wa Mataifa, pamoja na za wafanyakazi wa ndani wa kila nchi, zimechapishwa hadharani. Kenya ina Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa chini ya Katiba ya 2010, na viwango vyake kwa kazi za umma si siri. Waulize waliotangulia, na wewe ukitangulia, waambie wanaokufuata. Tumezoea kuona mshahara ni aibu ya kusitiriwa, na kuna mahali pa kusitiri, kwani hasadi ni kweli. Lakini kumwambia ndugu yako anayeomba kazi kama yako kwamba ngazi yake ni hii na hii, huko ni nasaha. Ukimya wetu humnufaisha mwenye droo peke yake.

Swali la pili: khabari

Hapa hukumu inageuka. "Ulikuwa ukilipwa kiasi gani?" linauliza jambo lililokwisha kutokea. Ukiandika 700 ilhali ulikuwa ukipata 120, hujapatana bei. Umesema uongo, tena uongo wa maandishi, na pengine chini ya tamko kwamba yote uliyoandika ni kweli.

Lakini nataka kuisikiliza hoja ya anayeuandika uongo huo, kwa sababu si hoja ya kipuuzi. Atasema: mimi sikuulizwa ili nijulikane, niliulizwa ili nifungwe kamba. Ile 120 si kipimo cha kazi yangu. Ni kipimo cha vita vya 1991, cha kambi, cha vitambulisho vilivyochelewa, cha kuwa katika ile nusu. Nikisema kweli, dhulma ya jana itaamua ujira wa kesho. Na si Imam Ghazali na Imam Nawawi wamesema kwamba lengo jema lisiloweza kufikiwa ila kwa uongo, uongo huruhusika kwalo?

Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu, na wako wengine duniani walioiona. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilipitisha mwaka 2016 sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018, inayomkataza mwajiri kumuuliza mwombaji mshahara wake wa nyuma kabla ya kumpa kazi pamoja na malipo yake. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2023 ulipitisha agizo linalokataza swali hilo na kumtaka mwajiri ataje malipo au ngazi yake mapema, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Sababu yao kubwa ilikuwa wanawake: aliyepunjwa katika kazi ya kwanza hubeba upunjaji ule hadi kazi ya tano, kwa kuwa kila mwajiri anapima kwa aliyemtangulia. Weka Mbajuni mahali pa mwanamke yule, na hoja haibadiliki.

Nusu ya pili ndiyo isiyosimama. Maimamu wale waliweka sharti, nalo ni kwamba lengo lisiweze kufikiwa ila kwa uongo. Hapa njia nyingine zipo. Unaweza kuiacha nafasi ile wazi. Unaweza kuandika, "Ningependa tuzungumzie thamani ya kazi hii." Unaweza kumuuliza mwajiri ngazi yake. Na fomu ikikulazimisha tarakimu, unaweza kuiandika kweli pamoja na maelezo yake: "Dola 120, posho ya kujitolea, haikuwa mshahara wa kazi ya ngazi hii." Sentensi hiyo moja inaondoa nguvu ya ile tarakimu bila kumkosea Allah.

Je, tawriya, yaani kutamka neno lenye maana mbili? Kwa mfano, kujumlisha posho, nauli na chakula, kisha kuandika jumla yake kuwa "mshahara". Imam Nawawi ameeleza kwamba tawriya ikiwa ni njia ya kuchukua batili au kuzuia haki, ni haramu. Ukiijumlisha, sema umeijumlisha: "mapato yote pamoja na nauli." Ikiwa wazi hivyo, si hila tena.

Na uongo huu una mtu wa tatu anayesahaulika. Mwajiri akigundua, na hati za mshahara na simu kwa mwajiri wa zamani hugundua mengi, hatafukuzwa mmoja tu. Mwombaji mwingine wa visiwani akija mwakani, ataangaliwa kwa jicho lile lile. Kwa jamii yenye wasomi wachache, jina la mmoja ni dhamana ya wote. Hakim bin Hizam (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Zingatia kwamba ametaja mambo mawili, ukweli na kubainisha. Mwombaji aliyesema kweli hajamaliza mpaka abainishe, na mwajiri ambaye hakusema uongo hajamaliza naye mpaka abainishe.

Ukijishusha, hujishushi peke yako

Kuna anayesoma hapa na kusema: mimi nimeridhika na 300, niacheni. Haki yake ni kuisamehe, ila ajue anasamehe nini na kwa niaba ya nani. Akishaajiriwa Mbajuni mmoja kwa 300, hiyo inakuwa bei ya Wabajuni. Dada yake akiomba kazi ile baada ya miaka miwili, ofisi haitamuuliza tena. Itajua "watu wa huko" huchukua ngapi. Msamaha wake umekuwa mzigo kwa mtu ambaye hakushauriwa. Nabii Shu'ayb (A.S.) aliwaonya watu wake wasiwapunguzie watu vitu vyao (11:85). Kazi ya mikono na akili yako ni katika vitu hivyo, na kupunguziwa huwa kwepesi zaidi mwenyewe anapokuwa wa kwanza kupunguza.

Basi kwa ufupi, ndugu yangu unayejaza fomu usiku huu. Lijue soko kabla hujataja bei. Ukiweza, muombe mwajiri aseme ngazi yake kwanza, kwa adabu na bila woga. Ukitaja, taja kiwango cha mtu kama wewe kwa kazi kama ile, si kiwango cha shida yako. Ukiulizwa ya nyuma, nyamaza ukiweza. Usipoweza, sema kweli na ueleze. Mkikubaliana, yaandikwe, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni (2:282). Na kabla ya yote hayo uswali istikhara, kwa sababu riziki ina Mwenyewe.

Na kwa wale katika sisi ambao baada ya miaka michache ndio watakaoziandika fomu hizi, katika ofisi za Kisimayu, Mombasa, Dar es Salaam au Muscat: futeni swali la pili, na juu ya swali la kwanza andikeni ngazi. Ni mstari mmoja wa wino. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akastarehe na kazi yake kamili, na asimpe ujira wake. Mwajiri anayelipa 300 kwa kazi aliyoipangia 800 atasema amelipa kila alichokubaliana. Ajiulize kama jibu hilo litamtosha mbele ya Anayejua ngazi ilikuwa imeandikwa wapi.

Allah (S.W.) atupe riziki ya halali, ulimi wa kweli, na macho ya kuiona haki ya wengine kama tunavyoiona yetu. Wallahu a'lam.